Waya wa Dirishani

Jumatatu, 15 Januari 1979

Shule imefunguliwa. Mvua imeanza alfajiri, na wanafunzi wengi wamefika wamejifunika magunia ya pamba. Darasa la Sita wamerudi wote isipokuwa wawili ambao baba zao wamehamia Geita kufuata dhahabu.

Mwalimu Mkuu, Mwalimu Pantaleo, amenipa Sayansi. Muhula huu Darasa la Sita wanaanza sumaku na umeme. Nilimuuliza tuna vifaa gani. Akanitazama juu ya miwani yake, akasema, "Tuna wewe, Febronia." Nimetembea na sifa hiyo mpaka nyumbani.

Hapa Bukwimbula hakuna swichi hata moja. Mimi mwenyewe umeme niliuona utotoni Ushirombo, kwenye taa za misheni. Jenereta ilikuwa ikinguruma nyuma ya kanisa, nami nikidhani ule mngurumo ndio umeme wenyewe.

Mdogo wangu Ignas bado hatujapata habari zake tangu apelekwe vitani mwezi wa kumi na moja. Mama ananitumia salamu na watu wanaopita: je, redio imesema nini? Kama vile redio ingemtaja Ignas kwa jina.

Alhamisi, 18 Januari

Nimefungua redio mbovu iliyokuwa inakula vumbi ofisini, nikatoa sumaku ya spika. Ni nzito kuliko inavyoonekana. Tumeijaribu darasani kwenye kila tulichokipata: msumari, kisu, kifungo, sufuria ya alumini, shilingi, mkaa, kipande cha jembe. Watoto walidhani kila kinachong'aa kitavutwa. Sufuria ilipokataa walipiga kelele kama wametapeliwa. Nikawaambia chuma huvutwa, alumini haivutwi, na kung'aa hakuna maana yoyote.

Jumanne, 23 Januari

Leo tumetengeneza sumaku wenyewe. Unachukua sindano, unaisugua kwa sumaku upande mmoja tu, kwenda bila kurudi, mara nyingi. Ukirudisha mkono huku umeigusa, unaharibu ulichokijenga. Kisha unaifunga uzi katikati, unaiacha ining'inie.

Sindano ya Cornel, mtoto wa Masele, ndiyo iliyotulia ya kwanza. Huyu Cornel ana miaka kumi na minne, na yuko darasa moja na dada yake Bernadina mwenye kumi na miwili, kwa sababu wote waliandikishwa siku moja kijiji kilipoanzishwa na watu kuhamishiwa hapa. Alikuwa ameshika uzi bila kupumua.

"Inaelekea Geita, Mwalimu," akasema.

"Kaskazini," nikamsahihisha.

"Baada ya Geita kuna ziwa. Baada ya ziwa?"

"Uganda."

"Basi inaelekea vitani."

Darasa likacheka. Mimi nikageukia ubao.

Jumatano, 24 Januari

Mvua. Paa la Darasa la Nne linavuja.

Jumanne, 30 Januari

Umeme wa kusugua. Nimechana nywele zangu kwa kitana cha plastiki, nikakisogeza karibu na vipande vidogo vya karatasi. Vikaruka na kukishika. Nikawaambia wingu nalo husuguana ndani yake, likajaa chaji, na likijaa sana huutafuta mlango wa kwenda ardhini. Hupenda kilicho kirefu, na hupenda chuma. Hiyo ndiyo radi.

Bernadina akanyoosha mkono. "Lakini ipo ya kutumwa, Mwalimu."

"Hakuna radi ya kutumwa."

"Bibi yangu anasema ipo."

"Bibi yako hakusoma," nikasema. Nililisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia, na mtoto akakaa ameinamisha kichwa.

Jioni jirani yangu Bibi Mbuke ameniletea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Nyumba yake ndiyo ya kwanza ukitoka uwanja wa shule. Ni mjane, macho yake mekundu kwa moshi wa jiko, na mtoto wake wa pekee yuko Isaka anapakia pamba kwenye mabehewa. Alikaa kizingitini akaniuliza habari za Ignas kama anavyoniuliza kila wiki. "Atarudi, mayu," akasema. Yeye huniita mayu, mama, ingawa ni mimi ninayepaswa kumwita hivyo.

Jumatatu, 5 Februari

Betri, waya na globu ya tochi. Nimewaonyesha kwamba umeme hauendi pasipo njia ya kurudi: kata waya popote, globu inazima. Cornel aliukata na kuuunganisha mpaka nikamwambia atamaliza betri, na betri hazipatikani hata Kahama.

Alhamisi, 8 Februari

Mwalimu Pantaleo anataka redio ya shule isikike vizuri. Kijiji kizima kina vijana walioko mpakani, na taarifa ya habari inakuja na mikwaruzo kama mahindi yanayokaangwa. "Wewe ni mtu wa umeme," akaniambia. "Tutengenezee antena."

Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Nataka kusikia kuliko yeye.

Jumamosi, 10 Februari

Tumesimamisha nguzo ndefu ya mkaratusi nyuma ya Darasa la Sita. Juu yake tumefunga waya wa shaba, tukaushusha na kuupitisha dirishani mpaka kwenye redio, iliyo juu ya meza ya pembeni. Sauti imetoka safi hata watu waliokuwa wakipalilia wameacha majembe wakaja kusimama madirishani. Mwalimu Pantaleo amenipa mkono mbele yao.

Kitabu kinasema antena ya nje iwe na waya mwingine wa kwenda ardhini, ufungwe kwenye chuma kilichozikwa kwenye udongo wenye unyevu, ili radi ikija ishuke huko isiingie ndani. Hatuna chuma. Nimemwambia Mwalimu Mkuu, akasema tutaomba bomba kwa fundi wa kisima. Kwa sasa nimewawekea watoto sheria: wingu likijikusanya, waya unachomolewa kwenye redio na ncha yake inatupwa nje mbali. Kazi hiyo nimempa Cornel. Nimemhamishia kiti cha dirishani, karibu na meza.

Jumatano, 14 Februari

Fundi wa kisima amesafiri. Cornel amechomoa waya mara mbili leo, mara ya pili kwa wingu dogo lisilo na kitu. Nilimtania kwamba anaogopa hata moshi.

Jumatatu, 19 Februari

Mbuzi wa Masele wameingia kwenye karanga za Bibi Mbuke. Ugomvi umesikika mpaka darasani. Masele ana sauti nzito na hana subira. Nimemwona siku zote kuwa mtu wa hasira tu. Alimwambia bibi afunge mdomo wake. Naye bibi akajibu, akinyoosha mkono juu, "Mwenye mvua anakuona, Masele!"

Ni neno ambalo mtu yeyote huku angesema. Limenikera tu kwa sababu lilinikatizia somo.

Ijumaa, 23 Februari

Sumaku ya umeme: msumari, waya uliozungushwa, betri. Ukiunganisha, msumari unainua pini. Ukiachanisha, pini zinaanguka. Bernadina ameniuliza, "Kwa hiyo waya ukiwa na umeme ni kitu kingine?" Nikamwambia ni swali la mtu mzima.

Redio inasema majeshi yetu yanasonga mbele. Haisemi nani ameanguka.

Jumanne, 27 Februari

Cornel amekufa.

Jumatano, 28 Februari

Jumatano ya Majivu. Katekista ametupaka majivu kanisani asubuhi, na mchana tukazika. Wote tuliosimama kaburini tulikuwa na alama ya majivu katika paji la uso. Mama Cornel aliketi chini akiwa amenyoosha miguu, hakulia, alisugua tu udongo katika viganja vyake. Nilimwinamia kumpa pole, akanishika mkono akasema, "Asante mwalimu, alikupenda sana."

Alhamisi, 1 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa, kwa sababu tangu juzi nimeshaanza kuisikia kichwani ikibadilika.

Ilikuwa baada ya saa sita mchana. Somo lilikuwa limekwisha, redio ilikuwa wazi kwa sauti ya chini, muziki. Nilikuwa nasubiri taarifa ya habari. Asubuhi mtu wa lori kutoka Masumbwe alikuwa amesema kuna vita vikali na kwamba leo yatatajwa makubwa. Wingu lilikuwa limepanda upande wa Ushirombo, jeusi chini na jeupe juu. Niliona. Siwezi kusema sikuona.

Cornel alisimama akaushika waya. "Mwalimu, mvua inakuja. Nichomoe?"

Nikasema, "Ngoja kidogo. Taarifa ya habari."

Akauachia waya, akakaa. Alikuwa mtoto mtiifu.

Ngoma za kutangulia taarifa zilianza kulia redioni. Sikumbuki mshindo. Nakumbuka mwanga mweupe usio na upande, na harufu kama ya kucha iliyoungua. Nilipoona tena nilikuwa nimekaa sakafuni. Redio ilikuwa imepasuka, ukuta wa dirishani una mstari mweusi kutoka juu mpaka mezani. Watoto wa mstari wa mbele walikuwa wanalia, na kulia kwao kulikuwa mbali, kama ng'ambo ya mto. Cornel alikuwa ameegemea ukuta macho wazi. Bernadina alikuwa anamtikisa bega akimwita kwa jina la nyumbani.

Nilimpulizia pumzi. Nilimkandamiza kifua. Nilifanya yote niliyofundishwa chuoni mpaka Mwalimu Pantaleo akaniondoa kwa nguvu.

Mvua ikaja baadaye. Haikuwa hata kubwa.

Jioni Mwalimu Pantaleo akaniita ofisini. Alikuwa ameshaiangusha nguzo na kuukata waya vipande vipande, na miwani yake ilikuwa na ukungu. "Nimeutupa chooni," akasema. "Sikiliza, Febronia. Radi imeua watu huku tangu enzi za babu zetu, bila antena. Hii ni kazi ya Mungu. Ukianza kusema waya, wataifunga shule, na sisi wawili watatufunga. Mtoto hatarudi."

"Watoto walinisikia," nikasema.

"Watoto nimeshasema nao. Mambo ya darasani yabaki darasani."

Nilikuwa na majibu mengi, na nilimshukuru moyoni kwa kutoyangoja.

Jumamosi, 3 Machi

Maji nimechota mwenyewe alfajiri ili nisikutane na watu kisimani.

Jumatatu, 5 Machi

Shule imefunguliwa tena. Darasa la Sita tunasomea chini ya paa linalovuja, na Darasa la Nne wamehamia kwetu, hawajali mstari mweusi. Nimefundisha mimea: mizizi na majani. Hakuna aliyenyoosha mkono. Bernadina hakuja.

Jumanne, 6 Machi

Mama mmoja kisimani amesema, akiwa anashusha ndoo, "Mbona radi haikupiga kanisa lenye msalaba mrefu, wala ghala la bati? Ilimchagua mtoto wa Masele." Mwingine akajibu, "Na nani aligombana na Masele?"

Hawakutaja jina. Niliinua ndoo yangu nikaondoka. Njiani nilijiambia ni maneno ya kisimani tu.

Alhamisi, 8 Machi

Nasikia ndugu wa Masele wamekwenda kwa mfumu upande wa Mbogwe, na mganga huyo amesema ni mwanamke, yuko karibu, macho yake mekundu. Nusu ya wanawake wa kijiji hiki wana macho mekundu, kwa sababu tunapika kwa kuni mbichi.

Nimepita kwa Bibi Mbuke. Alikuwa anachambua karanga, zile zilizosalia. Alinikaribisha vizuri. "Hawanisalimu," akasema. "Leo nimesema mwangaluka kwa watu kumi, hakuna aliyeitikia. Wewe umesoma, mayu. Radi inatumwa?"

"Haitumwi, bibi."

"Basi waambie. Wewe watakusikia."

Nikamwambia nitawaambia. Nilikula karanga zake nikaondoka.

Ijumaa, 9 Machi

Sikuwaambia. Nimekwenda mpaka kwa Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ngassa, nikasimama uani pake. Akauliza nina shida gani. Nikasema nimekuja kuuliza habari za mbegu za pamba.

Jumamosi, 10 Machi

Wamechoma nyumba ya Bibi Mbuke.

Ilikuwa jua linazama, watu wanarudisha ng'ombe. Nilisikia nyasi za paa zikilia, nikatoka mbio. Bibi alikuwa amejiburuta nje kwa tundu la nyuma, nguo imeungua begani. Vijana walikuwa wamesimama mbali, mikono nyuma, kama watu wanaotazama mpira. Hakuna aliyejulikana kuwa ndiye aliyewasha moto. Katekista alimchukua bibi kwake, mimi nikambebea chungu kimoja kilichonusurika. Hakulia. Njia nzima alikuwa ananitazama pembeni kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

Jumapili, 11 Machi

Sikwenda sala. Nilikwenda kwa Masele.

Nilimkuta zizini anakamua. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Karibu, ngoja nimalize." Alimaliza. Akanipa kigoda, yeye akachuchumaa.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani, maneno ya kitabuni, kuhusu chaji na wingu. Yote yalipotea. Nikasema, "Baba Cornel, Bibi Mbuke hakufanya kitu. Radi ilipita kwenye waya niliouweka mimi. Cornel aliona wingu, akaniuliza auchomoe. Mimi nikamwambia angoje. Nilitaka kusikia habari za vita, nina mdogo wangu huko. Mwanao alijua la kufanya. Mimi ndiye niliyemzuia."

Ndama alikuwa anavuta kamba. Masele akamfunga upya.

"Bernadina aliniambia hivyo hivyo," akasema. "Siku tuliyozika, aliniambia, baba, mwalimu alisema ngoja. Nilimpiga kofi. Nikamwambia, usimsingizie mwalimu wako. Mwalimu amesoma, angejua." Akapangusa uso kwa nyuma ya mkono. "Tangu siku hiyo hasemi na mtu."

Akamwita. Bernadina akaja na kibuyu mkononi, akasimama karibu na mlango wa zizi.

"Rudia," Masele akaniambia. "Yeye asikie."

Nikarudia. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho, akamtazama baba yake, si mimi, kisha akaenda zake na kibuyu chake.

"Mchana kuna mkutano ghalani, juu ya moto wa jana," Masele akasema akisimama. "Utayasema mbele ya watu. Usinitume mimi nikusemee." Nikamwambia ndiyo. Alipofika mlangoni aligeuka. Nilidhani atanilaani, na nilitamani anilaani. Akasema, "Sina la kukwambia leo, mwalimu. Nenda."

Jumapili hiyo hiyo, jioni

Ghala la pamba lilijaa. Mwalimu Pantaleo alikaa mbele, karibu na Mwenyekiti. Aliponiona nasimama alifumba macho.

Nilisema yote. Nguzo, waya, kukosa chuma cha ardhini, wingu, neno langu. Sikumtaja Mwalimu Pantaleo wala choo. Nilisema tu kwamba nilinyamaza, na kwamba kwa kunyamaza kwangu nyumba ya mtu imeungua.

Kijana mmoja wa ukoo wa Masele akasimama, kwa adabu kabisa. "Mwalimu, tumekuelewa. Waya ni njia. Lakini mgeni hafiki kwa sababu njia ipo. Hufika kwa sababu ametumwa. Nani aliituma siku ile, kwa mtoto yule?"

Watu wakaguna kwa kukubali. Nilielewa kwamba somo langu lote la Januari halikuwa limeligusa swali hili hata kidogo. Nilikuwa nimewajibu vipi, wao walikuwa wanauliza kwa nini.

"Wingu halimjui mtu," nikasema. "Lakini kama mnauliza kwa nini Cornel alikuwa kwenye kiti kile, ni kwa sababu nilimkalisha mimi. Na kama mnauliza kwa nini waya haukuchomolewa, mkono wake ulikuwa tayari umeushika. Akauachia kwa sauti yangu."

Masele akasimama nyuma kabisa. Sauti yake nzito ilijaza ghala. "Mlikuwa mnatafuta mtu. Mtu amesimama pale, amejitaja mwenyewe kwa kinywa chake. Mwingine mnamtafutia nini?"

Sidhani wote waliamini. Lakini hakuna aliyekuwa tayari kumbishia baba wa marehemu, na Mwenyekiti Ngassa akatumia nafasi hiyo kusema kwamba atakayemgusa Bibi Mbuke atapelekwa Kahama kwa polisi, na kwamba nyumba itajengwa upya na wote.

Nje Mwalimu Pantaleo alinipita. Kwa karibu wiki mbili nimemchukia kwa kunifunga mdomo. Leo nimemwona akitembea peke yake, mabega yameshuka, nikajua hakunifunga. Alinipa sababu tu, na mimi niliipokea kwa mikono miwili.

Jumatano, 14 Machi

Nyumba haijajengwa. Kila mtu ana palizi.

Ijumaa, 16 Machi

Bibi Mbuke ameondoka. Mwanawe amekuja kumchukua kumpeleka Isaka. Nilikwenda barabarani kumuaga, nimebeba kanga mpya na maneno ya kuomba radhi.

Alipokea kanga. "Neno likishatoka halirudi, mayu," akasema. "Hata wakinijengea, nitalala na macho wazi." Mwanawe alikuwa anafunga mizigo, hakunitazama. Nikaanza kusema nisamehe, akanikatiza, si kwa ukali. "Ulikaa kwangu ukala karanga. Ulikuwa unajua wakati ule?"

"Nilikuwa najua."

Akatikisa kichwa taratibu, akapanda lori. Amekaa kijijini hapa kwa sababu serikali ilimleta, na ameondoka kwa sababu yangu.

Alhamisi, 22 Machi

Afisa Elimu amefika kutoka Kahama. Ameandika maelezo yangu, na ya Mwalimu Pantaleo, ambaye amesema mwenyewe kwamba antena ilikuwa wazo lake na kwamba waya aliutupa yeye. Sikulitarajia hilo. Tumepewa onyo wote wawili na kuambiwa tusubiri barua za uhamisho.

Kama wangenifukuza ningelala vizuri zaidi.

Jumatatu, 2 Aprili

Bernadina amerudi shuleni. Anakaa nyuma.

Alhamisi, 12 Aprili

Redio ya Mwenyekiti imetangaza kwamba Kampala imeanguka. Watu wamecheza ngoma uwanjani mpaka vumbi likapanda, ingawa jana kulinyesha. Katekista amerudi kutoka Ushirombo na ujumbe wa mama: Ignas yu hai. Amejeruhiwa mguu, lakini yu hai, ameonwa na mtu wa kwetu.

Niliingia ndani nikafunga mlango. Furaha ilinijia yote kwa mara moja, nikaisikia hadi vidoleni, na mara hiyo hiyo nikaona haya mbele ya kuta za nyumba yangu. Mama Cornel alikuwa anapita njiani na mzigo wa kuni. Nikangoja apite ndipo nikalia.

Jumatano, 18 Aprili

Barua ya uhamisho haijaja. Mwalimu Pantaleo amenunua bomba la chuma kwa fundi wa kisima. Hakusema la nini. Tumelizika pamoja kando ya ofisi, bila antena, bila redio. Tulipomaliza alibaki amelishikilia koleo. "Bomba hili lingekuwa hapa tangu Februari," akasema. Nikamwambia ndiyo.

Alhamisi, 3 Mei

Leo nilikuwa narudia masomo ya muhula na Darasa la Sita. Nilikuwa nimekwepa umeme mpaka nikabaki na umeme peke yake. Nikaandika ubaoni: vipitishi na visivyopitisha.

Mvua za mwisho hizi hazitangazi. Wingu lilitokea nyuma ya mlima, na ngurumo ya kwanza ikatikisa bati. Darasa zima likageuza shingo. Hawakutazama dirisha, walinitazama mimi.

"Ondokeni madirishani," nikasema. "Njooni katikati. Msiegemee ukuta. Kaeni chini, miguu pamoja, msiguse chuma chochote." Wakaja wote haraka, bila sauti, wakajibana kama vifaranga. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini. Nikaona jinsi walivyonitii, na ndivyo alivyonitii Cornel.

"Niulizeni," nikawaambia. "Msikae hapo kwa sababu nimesema tu. Niulizeni kwa nini."

Mvua ikaanza kupiga bati. Kisha Bernadina, ambaye hajanena darasani tangu arudi, akanyoosha mkono. Alisimama ingawa nilikuwa nimewaambia wakae, nami sikumkataza, kwa kuwa wanafunzi wangu wamezoea kusimama wakiuliza.

"Siku ile, kwa nini ulisema ngoja?"

Nilikuwa nimeshaisema ghalani, mbele ya wazazi wao. Kwao sikuwa nimeisema kamwe. "Nilitaka kusikia habari za mdogo wangu. Anaitwa Ignas. Alikuwa vitani. Nilijali hilo kuliko nilivyowajali ninyi."

"Ulizisikia?"

"Siku ile, hapana. Nilizisikia baadaye."

"Yu hai?"

Ngurumo ikapita juu yetu, ikaenda zake. Nilingoja ipite, si kwa kuogopa radi.

"Yu hai, Bernadina."

Akafikiri. Uso wake ni wa baba yake, mgumu kusomeka. "Afadhali," akasema, akakaa katikati ya wenzake, akakunja miguu pamoja kama nilivyowaelekeza.

Sijui alilisema kwa maana gani. Nimeligeuza kichwani jioni yote. Mvua ilipokwisha nilifuta ubao, nikawaambia kesho tutaanza upya, tangu sumaku, na kwamba kila mmoja aje na swali.